Neno Nililompa Mtani

Jumatatu, 7 Juni 2004

Nimerudi nyumbani. Daktari hakusema mengi — moyo umechoka, chumvi kidogo, ngazi usipande. Ngazi! Nyumba yangu imekaa kwenye mteremko, kutoka chumbani hadi barabarani ni ngazi tupu. Basi nitakaa chumbani. Mwanangu Yunis amesogeza kitanda dirishani. Amefunga duka lake la Soni kuja kuniuguza, na nikimshukuru ananuna.

Jioni alikuja Zakia. Ni huyu mwenye chumba cha intaneti karibu na stendi, mwanamke wa Tanga mjini, maneno machache, miwani. Tangu mradi uondoke ndiye anayeitunza tovuti ya chama chetu cha waganga, na mimi ni katibu wake. Shikamoo babu, marahaba, pole, nimekwisha poa. Kisha akatoa karatasi alizochapa, akaniuliza kwa adabu: Jumatano iliyopita niliingia kwenye tovuti kwa kompyuta ya nani?

Jumatano iliyopita nilikuwa wodini, nina mpira wa hewa puani.

Akanionyesha. Seva, ile kompyuta inayotunza tovuti, ina tabia ya kuandika kila anayepita mlangoni. Imeandika jina langu: nikodemo ameingia. nikodemo amefungua folda ya Bi Mwanahawa. nikodemo amesoma majani, amesoma mizizi, amesoma namna ya kupika na kipimo. Ameingia kutoka nchi ya mbali. Si mara moja — tangu Desemba.

Zakia akauliza nani mwingine analijua neno langu la siri. Nikasema hakuna.

Nimesema uongo, kitandani, na Biblia iko kwenye meza pembeni. Mchungaji anataka kuja kunishirikisha chakula cha Bwana. Kabla hajaja lazima jambo hili nilitoe mahali. Naanza hapa ambapo hakuna anayesikia.


Jumatano, 9 Juni

Leo nimepumua vizuri. Niandike mambo kwa mpangilio, kama nilivyokuwa nikiwaambia wanafunzi.

Watu wa mradi walipokuja walisema dawa za Usambara zitapotea, wazee wanakufa. Tena wakasema kitu cha kweli zaidi: siku hizi za soko huria mtu wa nje anaweza kuchukua jani letu akaliandikisha kwao kuwa ni lake. Dawa ikiwa imeandikwa kwa tarehe, kwa jina la mganga mwenyewe, hataweza. Iandikwe, iwekwe kwenye seva, ifungwe. Kila mganga na folda yake, kila folda na mlango wake.

Nilikuwa mwalimu wa sayansi, kisha nikafanya kazi ya mimea kwenye kituo cha utafiti cha Amani. Walinifundisha, nikashika haraka kuliko vijana. Si jambo gumu. Ndani ya folda unaweka faili dogo ambalo jina lake linaanza na nukta ili lisionekane. Faili hilo linaiambia seva: kabla hujamwonyesha mtu chochote humu, muulize jina na neno. Faili la pili, ambalo linakaa mbali na macho ya watu, lina majina ya wanaoruhusiwa na maneno yao yaliyovurugwa yasisomeke. Mtu akija, kinatokea kisanduku kidogo cha kijivu. Anaandika jina, anaandika neno. Yakilingana, mlango unafunguka.

Nilifurahi kama mtoto. Nilisahau kwamba mlango huo hauna macho. Haumjui Nikodemo. Unalijua jina lake na neno lake tu, na yeyote anayekuja nayo, kwake huyo ndiye Nikodemo.

Bi Mwanahawa alikataa kuandikwa. Anakaa kijiji cha Kwai, juu mlimani, ana dawa moja iliyomjengea jina: ya wanawake ambao mimba zinawatoka. Alipewa na mama yake pamoja na mkoba wa uganga, na mama yake alipewa na wa kwake. Haitolewi bila jogoo na kiapo. Nilipanda kule mara nyingi kumbembeleza. Mwishoni aliniuliza ufunguo atashika nani. Nikasema mimi peke yangu. Nikatoa jogoo. Tukamla pamoja kwa ugali, nikaapa: haitanitoka.

Alinikubali kwa sababu ya Eliza. Mke wangu ndiye alikuwa akipanda kwake zamani, kabla ya Yunis kuzaliwa. Mimba zilikuwa zimetoka, moja baada ya nyingine. Kisha akaja Yunis akakaa.


Ijumaa, 11 Juni

Sasa lile lenyewe.

Eliza alifariki Oktoba iliyopita. Tulimzika hapa chini, mpakani mwa shamba. Mchungaji akasoma, kwaya ikaimba, wabeba jeneza wakasogea — na Silvano akarukia kaburini.

Ukoo wa Silvano na wetu ni watani tangu mababu. Kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Alijilaza chali mle ndani, mikono kifuani, akasema hapa pamekwisha chukuliwa, huyo mama atafutiwe pengine. Wanawake walioanza asubuhi kulia wakaanza kucheka. Mchungaji akaangalia milima, kama afanyavyo siku zote. Watu wakamrushia sarafu, akazitupa nje. Wakamwahidi kuku. Akasema kuku wa mwalimu wamekonda kwa kufundishwa.

Akaniita mimi mfiwa. "Mtani, nataka lile neno unalofungulia sanduku lako la kompyuta. Unajifungia nalo mchana kutwa, hata mkeo alilionea wivu. Nipe hilo, nimpishe alale."

Watu wakashangilia. Nami — nilikuwa na siku mbili sijala. Nilitaka Eliza ashuke, basi. Nilitaka mtu yule atoke mahali pa mke wangu. Nikapiga magoti ukingoni, nikainama, nikamnong'oneza. Neno la kweli. Ningeweza kumpa la uongo, na hilo silo linalonisumbua, kwa sababu mtani halipwi uongo juu ya kaburi. Akapiga kelele amelipwa, akaruka nje kama mbuzi. Tukamzika Eliza.

Linalonisumbua ni kesho yake. Kesho yake ningeweza kushuka kwa Zakia nikabadilisha neno. Dakika moja. Nilifika hata kwenye ngazi. Nikarudi. Nilichompa ni komboleo la kaburi la mke wangu. Anayerudisha komboleo amemfukua maiti wake — ndivyo tulivyolelewa. Nikajiambia, Silvano ni mcheshi tu, atajua nini cha seva?

Wanafunzi wangu wangecheka. Mwalimu wa sayansi!

Hapo ndipo nilipovunja kiapo. Kule kaburini mtu angeweza kunisamehe. Pale kwenye ngazi nilikuwa na akili zangu zote.


Jumapili, 13 Juni

Kengele. Kwaya nimeisikia kwa upepo tu. Mchungaji alipita baada ya ibada, akauliza kama kuna kitu kinanielemea. Nikasema miguu.


Jumatatu, 14 Juni

Zakia tena. Amekuja na kompyuta yake ya kubeba ndani ya mfuko wa ndizi, asije akaporwa. Anataka nibadilishe neno.

Nikasema tungoje. Akauliza tungoje nini. Nikamwambia ukweli, nusu: neno nililitoa msibani kwa mtani, haliwezi kurudishwa hivi hivi. Akanitazama. Akacheka, akifikiri namtania yeye. Kisha akaacha kucheka.

"Babu," akasema, "mimi kwetu watani wapo. Wanachukua sahani, wanachukua kanga. Hawachukui dawa ya mtu mwingine."

Akaongeza, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko hasira, kwamba kwenye kumbukumbu za seva hakuna Silvano. Kuna nikodemo tu. Siku watu wakiuliza nani alitoa siri za Bi Mwanahawa, karatasi zitajibu kwa jina langu. Tena zitakuwa zimesema kweli.

Akafunga kompyuta. Akamsaidia Yunis kumenya viazi, akaondoka bila kuniaga vizuri. Nimestahili.

Naishia hapa.


Alhamisi, 17 Juni

Nilimwagiza Silvano. Amekuja.

Miaka mingi alikuwa karani kwenye shamba la chai. Lilipobinafsishwa wakampunguza, akakaa mwaka mzima bila kazi, amevaa koti lile lile. Sasa ana pikapu na tumbo. Ananunua magome ya miti na majani makavu vijijini, anapeleka kwa kampuni moja ya nje yenye ofisi Arusha. Nilijua hayo yote. Nilijua hata siku ile anajilaza kaburini. Mbona sikuyaweka pamoja?

Akaingia akinitukana kama kawaida. Akauliza Yunis ameshaninunulia sanduku au nitazikwa kwenye kabati la vitabu. Akapima kitanda kwa shubiri, akasema kabati litatosha, nimepungua. Nilicheka, nikakohoa mpaka Yunis akaja na maji. Ndivyo alivyo, ukimchukia unamchukia huku unacheka.

Nikamwonyesha karatasi. Hakukana. Alisema mwanzoni alifungua kwa utani, apate cha kunichekea kwenye misiba mingine. Akakuta folda imejaa. Akapiga picha moja ya ukurasa, akawaonyesha wale wa Arusha. Wakataka kuona zote. Akawapa neno, waone wenyewe. Sasa wana bustani huko kwao nje, wanajaribu kupanda. Wanazungumzia pakiti za chai ya akina mama.

Nikamwuliza kama alijua ni dawa ya nani. Alijua. Jina lake liko juu ya kila ukurasa, nililiandika mimi.

Akasema hakuiba, alilipwa, tena mbele ya mchungaji. Akasema Ujamaa ulipokufa yeye hakutaka kuzikwa nao. Akasema hata mimi dawa hiyo niliitoa kwa Bi Mwanahawa nikawapa watu wa mradi, tofauti iko wapi? Tofauti ipo. Lakini si kubwa kama nilivyokuwa nikifikiri.

Nikamwomba aniachie komboleo. Ni yeye tu anayeweza kulifungua. Nikamwahidi beberu wa Yunis, yule mweusi.

Silvano akavua kofia. Kwa mara ya kwanza alizungumza bila kutania.

"Beberu nitamla, maana napenda nyama. Na komboleo nimekuachia, lala salama. Lakini neno si mbuzi, mtani. Mbuzi akirudi kwako, kwangu hayupo. Neno nikikurudishia, ninalo. Na wale waliokwisha soma, hawawezi kusahau kwa sababu mimi nimeshiba."

Akaondoka na beberu nyuma ya pikapu. Yunis hajauliza kwa nini. Amepiga deki sakafu mara mbili.


Jumamosi, 19 Juni

Zakia amekuja. Nilimwambia leo mikono yangu imefunguliwa. Hakuniuliza imefunguliwa na nani.

Waya wa simu ulifika kitandani kwa shida. Modemu ikalia kama jogoo mwenye mafua, seva ikaitika. Nilitaka kutazama. Akafungua faili la majina, lina mistari michache tu, jina, nukta mbili, kisha takataka. Mstari wangu ni wa pili kutoka juu. Akauliza neno jipya liwe nini.

Nikasema hapana. Nisipewe neno jipya. Nifutwe.

Akasema nikifutwa sitaingia tena kwenye folda ya Bi Mwanahawa, hata kwa kazi ya chama. Nikasema ndiyo. Akasema basi folda itakuwa haina mtu kabisa, imefungwa na hakuna mwenye ufunguo. Nikasema ufunguo mpya atashika Bi Mwanahawa mwenyewe au atakayemteua, si mimi, si wewe. Akafuta. Akahifadhi. Tukajaribu kwa jina langu na neno la zamani: kisanduku cha kijivu kikauliza tena. Tukajaribu tena. Kikauliza tena. Hakina hasira, kinauliza tu.

Nilidhani ningefarijika. Nimehisi kama mtu aliyefunga zizi ng'ombe wakiwa wamekwisha fika mnadani.

Neno lenyewe sitaliandika hata hapa, ingawa sasa halifungui kitu.

Eliza, kama hapo ulipo panasikika — nimelichukua lililokulaza. Nisamehe. Lilikuwa la mtu.


Jumapili, 20 Juni

Mchungaji amekuja na mkoba wa meza ya Bwana, mkate na divai, kitambaa cheupe. Nikamwomba asubiri. Akadhani siwezi kumeza. Nikasema naweza. Akamtazama Yunis, Yunis akatazama dirishani. Akaomba sala fupi akavifunga tena.

Yunis hajazungumza nami tangu hapo, isipokuwa kuhusu uji.


Jumanne, 22 Juni

Nimemtuma Yunis Kwai kwa Bi Mwanahawa: Mwalimu anaumwa, ana neno la kusema, hawezi kupanda.

Amerudi amelowa manyunyu, kiatu kimoja kimekatika. Bi Mwanahawa atakuja Ijumaa. Amesema alikuwa anakuja kwangu hata nisingemwita, ana haja na mimi. Na habari kubwa kule: Jumapili anamkabidhi Shamsa mkoba. Binti yake huyo wa mwisho amekubali, baada ya kukataa miaka yote kwa kuona haya na kuuita ushamba. Wanachinja. Watu wamealikwa mpaka Soni.

Haja gani na mimi? Siipendi. Nimeifikiria mchana kutwa.


Ijumaa, 25 Juni

Niandike kabla sijasahau, japo sijui kama kuna cha kusahau.

Alifika saa nne. Ana fimbo sasa. Akavua viatu mlangoni ingawa Yunis alimwambia aingie navyo, akaleta mayai kwenye majani makavu ya mgomba. Tukasalimiana kwa Kishambaa, kirefu, mpaka mifugo. Akaniambia nimekonda kama ufito wa kukazia paa. Akamwambia Yunis anenepe yeye kwa niaba yangu. Yunis akacheka, kwa mara ya kwanza wiki hii.

Kisha akasema haja yake. Mkoba ukitolewa, mama humuuliza binti mambo mbele ya watu, na binti humuuliza mama. Swali la mwisho la binti ni hili: dawa hii iko kwa nani mwingine? Kila mwenye kuijua husimama na kusema, iko kwangu, haikunitoka. Kwa mama yake alisimama shangazi. Kwake hakuna wa kusimama isipokuwa mimi. Wengine wote wamekufa. Akaniomba nikabebwe hata kwa machela. Nisimame kidogo tu, niseme maneno hayo, nirudi kulala.

Nikasema, "Siwezi kuyasema. Imenitoka."

Alidhani nimechanganyikiwa kwa homa. Akaweka kiganja kwenye paji la uso wangu. Nikamwondoa mkono, nikamweleza. Nilihofia hataelewa habari za seva, mtu aliye mbali kufungua folda asiyoigusa. Alielewa upesi kuliko mimi nilivyoelewa siku ya kwanza.

"Ulimpa ufunguo," akasema.

"Nilimpa."

"Kwenye kaburi la Eliza."

"Ndiyo."

Akajitanda kanga vizuri. Alikuwepo siku ile, alikuwa kati ya wanawake. Akasema aliniona nikiinama kunong'ona, akadhani nimeahidi mbuzi, akacheka pamoja na wenzake. Lilikuwa cheko lake la kwanza tangu asubuhi. Huko nje Yunis alikuwa akipasua kuni, na kila shoka lilipopiga Bi Mwanahawa alifumba macho.

"Kwa hiyo Eliza alikombolewa kwa mali yangu," akasema, "na mimi sikuulizwa. Ungeniuliza, Mwalimu. Kwa Eliza ningekubali nikupe kitu. Kitu kingine."

Nilitaka anilaani. Nilimwambia hivyo. Akasema laana ni kazi, na yeye ana kazi ya Jumapili.

Aliuliza maswali machache. Silvano alitoa jogoo? Hapana. Alikula? Hapana. Wale wa mbali? Hapana. Basi dawa hiyo ikoje sasa, ina nguvu au imelala? Aliuliza kama mtu anayenitegemea nijue. Halafu akajijibu kwamba hajui, mama yake hakumwambia kinachotokea kwa dawa iliyotoka kwa njia hiyo, kwa kuwa njia hiyo haikuwepo. Ana mwanamke nyumbani kwake hivi sasa, mke wa dereva wa Soni, mimba ya miezi minne, zile za kwanza zote zilitoka. Anakunywa dawa asubuhi na jioni. Amwambie nini?

Mimi mtu wa sayansi ningesema jani ni jani. Sikuthubutu. Dawa ile haikuwa jani tu hata kwa Eliza. Ilikuwa pia yule mwanamke mwenye mkono mzito aliyelala naye chumba kimoja, akimwambia kila asubuhi, bado yupo.

Nikamweleza kwamba folda sasa haina mtu, ufunguo mpya utakuwa wake au wa Shamsa. Akatikisa kichwa. Hakusema asante, na angekosea kama angesema.

Aliposimama kuondoka nikauliza kama basi Jumapili itaahirishwa.

"Haiahirishwi. Swali litaulizwa. Utalijibu wewe, mbele ya Shamsa, kama ulivyonijibu mimi. Akiupokea mkoba, ameupokea akijua. Akiukataa, utakwisha kwangu. Lakini hataupokea kwa uongo wa mwalimu wala kwa ukimya wangu."

Yunis alimsindikiza hadi barabarani. Wamekaa huko muda mrefu.


Jumamosi, 26 Juni

Yunis anajua yote. Bi Mwanahawa amemwambia, pamoja na habari za kuzaliwa kwake. Mimi na Eliza tuliona haya kumwambia — watu wa kanisa! Sasa amekaa miguuni kwangu, anachambua maharage, akauliza kama kweli mama yake alikaa kule mpaka akajifungua. Nikasema alikaa mpaka mwezi wa saba, kisha nilimrudisha kwa punda. Akasema, punda? Nikasema punda. Akaendelea na maharage.

Baadaye: barabara ya Kwai ni utelezi, gari dogo halipandi. Zakia ameuliza stendi nzima. Pikapu iliyobaki ni moja. Yunis amekwisha mwambia mwenyewe, na amekubali.

Nimemwambia Yunis afadhali nife hapa. Akasema haya, nife kesho jioni, asubuhi nina safari.


Jumapili, 27 Juni

Nimeamka hai. Yunis amenivalisha koti la harusi yangu, linanizunguka mara mbili. Ukungu bado haujapanda.

Silvano amekuja mapema. Nimemsikia akipiga honi, akipanda ngazi, akiuliza mgonjwa yuko wapi au ampeleke moja kwa moja makaburini, ana kamba. Akaingia, akavua kofia, akanitazama nilivyovaa. Alitaka kusema kitu cha kuchekesha kuhusu koti, niliona kinavyomjia. Hakukisema.

Akaketi ukingoni mwa kitanda, akauliza kwa sauti ya chini, Yunis asisikie: "Huko juu utalitaja jina langu?"

Nikamwambia nitaanza na la kwangu.

Akaitazama sakafu. Nimemwambia angeweza kukataa kunipeleka, gari lake, mafuta yake. Akasema mtani hakatai kubeba, na kwamba Shamsa ni mtoto mkali, huenda akatupiga mawe wote wawili. Akasema pia kule nyuma ametandika magodoro mawili. Kisha akashuka kuliwasha gari lipate moto.

Naandika upesi, kalamu inaruka. Kwaya imeanza kanisani. Injini inanguruma huko chini, nami nasikia anapanda tena, polepole, tumbo linamchosha. Yunis anasema niache kuandika, niinue mikono yote miwili nimshike Silvano shingoni, maana ngazi zimelowa na nikimwachia tutaanguka pamoja.